Majani Machache Mkononi: Namna ya Kutafsiri Sutta ya Kibudha kutoka Kipali

Chagua sutta moja, yaani hotuba moja ya Buddha, iwe fupi, na usiguse nyingine mpaka uimalize. Mimi sikufanya hivyo. Nilianza na Dhammapada, yenye beti 423, nikidhani beti fupi ni kazi fupi. Kufika sura ya pili, neno dukkha nilikuwa nimeshalipa Kiswahili mara nne: mateso, taabu, huzuni, dhiki. Msomaji wangu wa kwanza, binamu yangu anayefundisha sekondari, akaniuliza kama hayo ni mambo manne au moja. Nikachana karatasi.

Mfano wetu hapa utakuwa sutta ya majani ya msimsapa, Samyutta Nikaya 56.31. Ni fupi, haizidi kurasa mbili. Ina mahali, ina kitendo, ina swali, na mwishoni inakushushia karibu maneno yote mazito utakayohangaika nayo miaka yote ukiendelea na kazi hii.

Jua unachokishika

Sutta hizi hazikuzaliwa kama maandishi. Zilihifadhiwa vichwani na kusomwa kwa pamoja kwa karne kadhaa, ndipo zikaandikwa Sri Lanka, kwa masimulizi ya huko, Aluvihara karibu na Matale, katika karne ya 1 KK. Kipali chenyewe, lugha ya kale ya India iliyozibeba sutta hizi, hakina hati yake. Wasinhala wamekiandika kwa hati yao, Waburma kwa yao, Wathai kwa yao, na tangu karne ya 19 kimeandikwa pia kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo usitishwe na maumbo. Kipali kwa herufi hizi hizi zetu ni Kipali kamili. Kumbuka tu kwamba c husomwa ch, na mstari juu ya irabu maana yake ni kuivuta.

Sehemu tunayoishughulikia inaitwa Sutta Pitaka, nayo ina makusanyo matano, yaani nikaya: Digha (sutta ndefu 34), Majjhima (za kati 152), Samyutta (zilizopangwa kwa mada), Anguttara (zilizopangwa kwa hesabu) na Khuddaka, ambayo Dhammapada imo ndani yake. Nyingi za hizi zina ndugu zake katika Kichina, zinazoitwa agama, zilizotafsiriwa kutoka nakala za India ambazo leo nyingi zimepotea. Sutta yetu ya majani inayo ndugu yake huko, namba 404 katika Samyukta Agama, iliyotafsiriwa katika karne ya 5. Hata usipojua Kichina, angalia kama kuna tafsiri yake. Mahali ambapo Kipali na Kichina vinaafikiana, una sababu ya kukanyaga kwa nguvu.

Jambo la kisheria ulimalize mapema: maneno ya Kipali hayana mwenyewe, lakini tafsiri ya Kiingereza unayojisaidia nayo huenda ina mwenyewe. Ukiitafsiri hiyo badala ya Kipali, unahitaji ruhusa, isipokuwa kama mtafsiri ameiacha huru. Na hata ikiwa huru, utakuwa unatafsiri maamuzi ya mtu mwingine bila kujua aliamua nini.

Suala la ruhusa nyingine

Wengi wetu tumelelewa na mjadala wa Kurani: kwamba iliyo Kurani ni ya Kiarabu, na kinachoandikwa kwa Kiswahili ni maelezo ya maana yake. Kwa hiyo swali huja lenyewe: je, hawa Wabudha wanaruhusu?

Katika Vinaya, kitabu cha kanuni za watawa, kwenye sehemu iitwayo Cullavagga, watawa wawili ndugu waliozaliwa Wabrahmani, tabaka la makuhani wa India, wanamwendea Buddha na malalamiko. Wanasema watu wa koo na makabila mbalimbali wanayaharibu maneno yake kwa kuyasema kila mtu kivyake. Basi turuhusu tuyaweke katika lugha ya utungo, ile ya Veda, vitabu vitakatifu vya Wabrahmani. Buddha anawakatalia, kisha anasema: nawaruhusu kujifunza maneno ya Buddha sakāya niruttiyā, yaani “kwa lugha yake mwenyewe”.

Yake nani? Ya mwanafunzi au ya Buddha? Buddhaghosa, mfafanuzi mkubwa aliyeishi Anuradhapura karne ya 5, alishika kwamba ni lugha ya Buddha. Wasomi wengi wa siku hizi hushika kwamba ni lugha ya kila anayejifunza. Sentensi inayotoa ruhusa ya kutafsiri yenyewe haitafsiriki bila ugomvi! Kiswahili kinaweza kuubeba ugomvi huo bila kuuamua: “kwa lugha yake mwenyewe” nayo haisemi ni ya nani. Somo la kwanza la kazi hii ndilo hilo. Utata uliomo kwenye matini, na lugha yako ikiweza kuubeba, uache ulivyo.

Soma kwa sauti, kisha uvunje

Isome sutta nzima kwa Kipali kwa sauti, mara tatu, kabla ya kujua inasema nini. Utasikia zile fungu za maneno zinazorudi. Hilo litakusaidia baadaye.

Kisha chukua daftari na uandike kila neno kwenye mstari wake: umbo lake, mzizi, uhusika, maana zote za kamusi. Kamusi ya Kipali kwa Kiingereza ya Rhys Davids na Stede, iliyotoka 1921 hadi 1925, bado inafaa na inapatikana bure, ila ni ya zamani. Usiisadiki peke yake. Sentensi ya pili ya sutta yetu ni hii:

Atha kho bhagavā parittāni siṃsapāpaṇṇāni pāṇinā gahetvā bhikkhū āmantesi.

Gahetvā ni kitenzi cha “akiisha kushika”. Kipali hupenda kufuatanisha vitenzi vya namna hii, vitatu, vinne, mpaka kitenzi kikuu kifike mwisho. Waliotafsiri kwa Kiingereza huteseka hapa. Sisi tuna -ka-, ambayo imeumbwa kwa kazi hiyo hiyo: akachukua, akashika, akasema. Mara nyingi sana utaona sarufi ya Kiswahili iko karibu na Kipali kuliko unavyotarajia. Pāṇinā ni “kwa mkono”, sisi twasema mkononi na basi. Siṃsapāpaṇṇāni ni maneno mawili yaliyounganishwa bila kueleza uhusiano wao, “msimsapa-majani”. Kiunganishi chetu cha -a kina ulegevu huo huo. Mafuta ya nazi yametoka kwenye nazi, mafuta ya gari yanaingia kwenye gari, na hakuna anayechanganyikiwa.

Sasa gahetvā lenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ilisema “akachuma majani”. Inasikika vizuri. Lakini kanuni za watawa zinamkataza mtawa kuharibu mimea iliyo hai. Ni kosa linalotakiwa kuungamwa. Kwa kitenzi kimoja nilikuwa nimempeleka Buddha kwenye kosa. Nikabadilisha kuwa “akaokota”, nayo ikaleta jingine: sasa majani yako chini, jambo ambalo Kipali hakilisemi. Nikaishia kwenye “akachukua”, neno lisilo na ladha, na ndilo sahihi.

Mti je? Msimsapa wengi huutambua kuwa ndio Dalbergia sissoo. Mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon. Ni ukoo mmoja! Nilikaa siku mbili nikitaka kuandika “msitu wa mipingo”. Kisha nikajiuliza msomaji wa Mtwara au Kilwa ataona nini: ataona vinyago vya Kimakonde, ataona magogo meusi yakipakiwa. Msitu wa Kosambi, kando ya mto Yamuna, utakuwa umehamia Lindi. Nikaacha msimsapa, wingi misimsapa, nikauingiza kwenye ngeli ya miti na kumaliza.

Wachina walishapita hapa. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyerudi kutoka India mwaka 645 na shehena ya vitabu, huhesabiwa kuwa na kanuni tano za maneno yasiyotafsiriwa bali huandikwa kwa sauti yake: ya siri, yenye maana nyingi kwa pamoja, ya vitu visivyokuwepo China, mfano wake ukiwa mti wa jambu, yaliyozoeleka tangu kale, na yale ambayo yakitafsiriwa hupungua uzito. Mfano wa kanuni ya pili ni hilo hilo bhagavā, jina la heshima la Buddha, lililo kwenye sentensi yetu. Niliwahi kuliandika “Mheshimiwa”, na kila nikisoma nikasikia spika wa bunge akigonga meza. “Bwana” Wakristo wameshampa Yesu. Sasa naandika Bhagava, na kulieleza mara moja mwanzoni.

Hapo umepata (bhikkhu ni watawa, nitalirudia neno hilo chini):

“Wakati mmoja Bhagava alikuwa anakaa Kosambi, katika msitu wa misimsapa. Basi akachukua majani machache ya msimsapa mkononi, akawaambia bhikkhu: ‘Mwaonaje, bhikkhu, yapi ni mengi: haya machache niliyoyashika mkononi, au yale yaliyo juu msituni?’”

Daftari la istilahi

Hapa ndipo pa kutumia nusu ya muda wako wote. Kila neno zito lipewe ukurasa wake, na usilichague kwa kuangalia mahali pamoja. Tafuta sehemu tatu tofauti linapotokea, uliweke Kiswahili chako zote tatu, uone kama linasimama.

Chukua dukkha. “Mateso” ndilo jibu la haraka, na ndilo utakaloliona kwenye karibu kila makala ya Kiswahili kuhusu Ubudha. Tatizo lake limo kwenye mwili wa neno: mateso yametoka kwenye kutesa, na anayeteswa ana mtesaji. “Kuzaliwa ni mateso” inamfanya msomaji atafute nani anatesa, na akiwa mcha Mungu atampata mahali ambapo Buddha hakumweka mtu. “Taabu” haina mtendaji. Ijaribu: kuzaliwa ni taabu, kuzeeka ni taabu, kutengana na uwapendao ni taabu. Inasimama, na inasikika kama mtu mzima anaongea kibarazani. Peleka sehemu ya pili, dukkhā vedanā, hisia za mwili: “hisia ya taabu” inachechemea, “hisia chungu” ni bora. Sehemu ya tatu, Dhammapada 278, kwamba vyote vilivyoundwa ni dukkha: taabu inapita, kwa kujikaza. Basi daftarini: dukkha ni taabu, isipokuwa penye vedanā. Andika na sababu, maana baada ya miezi sita utakuwa umeisahau na utataka kubadilisha tena.

Taṇhā ni zawadi. Maana yake halisi ni kiu, na Kiswahili kinasema kiu ya mali, kiu ya madaraka. Usiende kwenye tamaa wala uchu. Ila jihadhari: kwetu kiu ya elimu husifiwa, na taṇhā haisifiwi, kwa hiyo ile hamu njema iitwayo chanda iite hamu au nia, usiigusishe na kiu.

Attā nalo lina bahati. Katika Kipali neno hilo hilo ni “mwenyewe” ya kila siku na ni “nafsi” ya wanafalsafa. Nafsi yetu nayo inafanya kazi zote mbili, binafsi na nafsi. Kwa hiyo Dhammapada 160, attā hi attano nātho, inaweza kuwa “nafsi ndiyo tegemeo la nafsi”, na anattā ikawa “si nafsi”, na msomaji akauona mvutano uliopo katika asili. Ukiandika “roho” mahali pa attā, umeleta Roho Mtakatifu na umeleta malaika mtoa roho. Mvutano umekwisha kabla haujaanza.

Bhikkhu nililiita mtawa kwa mwaka mzima, na humu nalitumia bado ninapoeleza. Ni neno zuri na linaeleweka. Mpaka nilipokuwa Unguja nikamsikia bibi akisema fulani “anatawa”, yaani anakaa ndani, hatoki nje hovyo. Kutawa ni kubaki nyumbani! Na maelezo ya kudumu ya bhikkhu katika sutta ni yule aliyetoka nyumbani akaenda kuishi bila nyumba, akila anachotiliwa kwenye bakuli. Si kosa kuandika mtawa, maana Wakatoliki wameshalipa neno hilo maana pana. Ndani ya tafsiri yenyewe, mimi nimerudi kwenye bhikkhu.

Nibbāna, lengo la mwisho la njia ya Buddha, ni kuzimika kwa moto. Ratana Sutta inasema wenye hekima huzimika “kama taa hii”. Mnyambuliko wetu wa -ik- ni sawasawa: taa imezimika, hatusemi nani kaizima. Tatizo, mtu akizimika kwetu amezirai. Naacha Nibana kama jina, na palipo na mfano wa taa natumia kuzimika waziwazi ili msomaji aunganishe mwenyewe.

Na nibbidā, neno la kwanza kati ya saba yanayofuatana karibu na mwisho wa sutta yetu: Kiingereza kimelizungushia maneno marefu. Kiswahili kina kukinai. Umekula, umeshiba, sahani bado ipo na huitaki tena, bila kuichukia.

Halafu kuna maneno ambayo msikiti na kanisa wameshayafanyia kazi. Dhambi, toba, thawabu, pepo, shetani. Yanavutia kwa sababu yanaeleweka mara moja. Watafsiri wa awali wa Kichina walifanya hivyo hivyo kwa kuazima kwa Watao, wafuasi wa dini ya Tao ya huko, hata Nibana wakaiita wuwei, kutotenda. Katika karne ya 4 mtawa Dao'an alikuja kuipinga njia hiyo ya kulinganisha. Nafuata Dao'an kwa dhambi: akusala ni kitendo kisichofaa, hakijamkosea Mungu, basi “kisichofaa” au “kibaya” yatosha. Lakini sifuati kwa upofu. Anguttara 6.63 inasema kamma, yaani kitendo, ni cetanā, yaani nia, na Mswahili yeyote aliyesikia kwamba amali huenda kwa nia ameshafika nusu ya njia. “Nia ndiyo niitayo kamma.” Hapo msikiti umetusaidia, tuseme ahsante.

Marudio na heshima

Sutta hurudia. Buddha anauliza, bhikkhu wanajibu kwa maneno yale yale, naye anaeleza kwa maneno yale yale. Nakala zenyewe hufupisha kwa alama …pe…. Usikate kwa sababu ya kuogopa kuchosha. Marudio ni kamba ya aliyehifadhi kwa moyo, na msikilizaji wa Kiswahili aliyezoea ngano yenye kiitikio hayaogopi. Fupisha pale tu Kipali kilipofupisha.

Miito nayo ipangwe mapema. Āvuso ni mwito wa walio sawa, na “ndugu” inauweza kabisa, hasa kwa Watanzania waliokua enzi ambazo kila kiongozi alikuwa ndugu. Wale wanafunzi watano wa kwanza walipomwita Buddha āvuso aliwakataza. Ukiandika “wakamwita ndugu, akawaambia msiniite hivyo”, hakuna tanbihi inayohitajika.

Beti, kwa watakaofika huko

Beti nyingi za Dhammapada ni vipande vinne vya silabi nane nane. Utenzi wetu ni vipande vinne vya mizani nane nane. Sijui bahati hii nimshukuru nani. Beti ya 5:

Na hi verena verāni
sammantīdha kudācanaṃ
averena ca sammanti
esa dhammo sanantano

Jaribio la kwanza nilitia vina kama inavyopaswa:

Chuki kwa chuki haifi,
ni kweli, sikukashifi,
kwa moyo ulio safi,
ndiyo kanuni ya kale.

Mizani imetimia, vina vimetimia, na mstari wa pili ni takataka. Nani alimkashifu nani? Mstari wa tatu nao umeleta moyo safi ambao Kipali hakina. Kipali hakina vina hapa. Nikaviacha:

Chuki kwa chuki haifi
hapa duniani, kamwe;
hufa kwa kutochukia:
ndiyo kanuni ya kale.

Wenye ushairi wao watasema huu si utenzi. Ni kweli. Mizani nimeilinda kwa sababu asili inayo, vina nimeviacha kwa sababu asili haina.

Kiswahili kipi?

Majjhima 139 ina kipande kinachowahusu sana watu wetu. Kinataja maneno saba ya chombo kimoja, pāti, patta na mengine, kwa kadiri ya nchi, kisha kinaonya mtu asing'ang'anie neno la kwao na kusema hili tu ndilo la kweli. Bakuli, kombe, hero, kibia: hebu waulize watu wa Lamu, Tanga na Lubumbashi uone ugomvi. Kiunguja kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu tangu miaka ya 1930, na mimi naandika hicho kwa sababu kinafika mbali. Lakini neno la pwani au la Kongo likibeba maana vizuri zaidi, lichukue. Kukinai nimelichukua hivyo.

Jaribio la mwisho

Kumpa mtaalamu wa Kipali aikague ni lazima. Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu lenye asili ya Sri Lanka. Uganda, upande wa Entebbe, kuna kituo cha Wabudha. Watu wa mahali kama hapo watakuonyesha makosa ya maana. Makosa ya Kiswahili hawatayaona, na hayo ndiyo mengi.

Kwa hayo, tafuta mtu asiyejua chochote kuhusu Buddha, usimpe karatasi, msomee. Kila anapokuuliza “umesema?”, tia alama, sentensi hiyo haijaiva. Ukimaliza mwambie akusimulie alichosikia, wewe ukiandika maneno yake. Maneno aliyoyabadilisha mara nyingi ni bora kuliko yako.

Sutta ya majani nilimsomea shangazi yangu akichambua mchele. Nilisoma mpaka bhikkhu wanapojibu kwamba majani ya msituni ndiyo mengi, na Buddha anaposema hivyo hivyo ndivyo yalivyo mengi aliyoyajua kwa kujua kwake asiwaambie. Hapo nikanyamaza, nikifungua ukurasa wa pili. Shangazi akainua uso kwenye ungo.

“Na kwa nini asiwaambie?”

Sentensi ya kwanza ya ukurasa wa pili ilikuwa: “Na kwa nini, bhikkhu, sikuyasema?”